Mwendo wa Saa Moja hadi Mombasa

Mtu akiniambia kwamba Nairobi hadi Mombasa ni mwendo wa saa moja kwa ndege, humwuliza: kutoka mlango wa nani hadi mlango wa nani? Watoto wa ndugu zangu hunicheka. Hunionyesha simu zao na kuniambia kwamba kutoka uwanja hadi uwanja ni kilomita mia nne na kitu, ndege inapaa na kutua kabla chai haijapoa. Sibishani na hesabu yao, ni sahihi. Nabishana na ule wepesi wa kuisema, maana saa hiyo moja niliisikia siku nzima miaka ya themanini mwanzoni, siku aliyokufa dada yangu, na tangu hapo siwezi kuisikia bila kukasirika.

Tulikuwa tukiishi Majengo, Pumwani, katika nyumba ya udongo yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, sisi vyumba viwili na wapangaji vilivyobaki. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alikaanga mahamri asubuhi na kuyauza mlangoni, lakini hakuna aliyemjua kwa mahamri. Kuanzia Shauri Moyo hadi Eastleigh, mwanamke wa Kiislamu akifariki, aliitwa mama. Alikuwa mwosha maiti.

Mkoba wake wa kazi ulining'inia nyuma ya mlango, na sisi tulikatazwa kuugusa. Ndani mlikuwa na majani ya mkunazi yaliyokaushwa, karafuu maiti, udi, chupa ya marashi, vitambaa vya kufunga mikononi, na daima kipande cha bafta nyeupe, endapo wafiwa wangekuwa hawana hata cha kununulia sanda. Shuleni baadhi ya wasichana wenzangu walikataa kula chakula kilichopikwa na mikono ile. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipigana kwa ajili hiyo, na nilipigana vizuri.

Kazini mama hakuwa na mchezo. Kilichomuudhi kuliko yote ni watu kumweka maiti ndani wakimsubiri mjomba au shangazi ambaye hakuonekana kwa marehemu miaka kumi. Aliwaambia bila kupepesa macho kwamba maiti ana haki yake, na haki yake ni kusitiriwa mapema. Watu walimwogopa kidogo, na nadhani alipenda hivyo. Sifa hiyo ilifika hata Mombasa, kwa wakwe wa dada, maana aliwahi kualikwa huko kuosha na akawakemea watu wazima mbele ya watoto wao.

Dada ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Aliolewa Mombasa, kwa watu wenye nyumba ya mawe ya ghorofa na jina la heshima msikitini, na Majengo nzima ilisema amepata. Idd ya mwisho alikuja kututembelea. Alasiri moja walikuwa wakikanda unga, yeye na mama, na dada hakutaka kukunja mikono ya gauni lake. Unga ulimganda hadi kiwikoni. Mama aliacha sinia, akamshika mkono, akaupandisha ule mkono wa gauni mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele, nikaona.

"Nilianguka ngazini," dada akasema.

"Ngazi hiyo ina vidole?" mama akamuuliza.

Dada alilia, akaomba abaki. Alibaki muda kidogo baada ya Idd. Kisha mume akaja, amevaa vizuri, ameleta doti mbili za leso na salamu za baba yake, akazungumza kwa adabu hadi wapangaji wakatoka vyumbani kumsikiliza. Mama alimrudisha dada. Kila mama wa Majengo angefanya hivyo wakati ule, wengine hata muda ule mfupi wasingempa. Lakini tangu siku hiyo alikuwa mzito wa maneno, na simu ya dukani ikilia alikuwa akiinua kichwa.

Simu hiyo ilikuwa ya muuza duka wa jumla aliyekuwa kona ya mtaa wetu, Mwarabu mzee ambaye wote tulimwita Ami. Asubuhi hiyo alikuja mwenyewe hadi mlangoni petu, na kwa kuwa Ami hakuwahi kuliacha duka lake hata kwenda kunyolewa, mama alijua kabla hajafungua kinywa. Aliipua karai, akajifuta mikono, akamfuata. Mimi nikafuata nyuma. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na kati ya watoto wake ni mimi peke yangu niliyekuwa bado nyumbani.

Aliyekuwa upande wa pili ni baba mkwe wa dada. Sauti yake ilisikika hata nje ya kile chombo. Alisema dada amefariki alfajiri, ni homa, imemshika ghafla na kumaliza kazi yake, na kwamba maziko ni baada ya sala ya adhuhuri.

Mama hakulia. Alisema, "Mkwe, nakuomba jambo moja. Mwanangu nimwoshe mimi."

Yule mzee akasema njia ni ndefu.

"Naja kwa ndege," mama akasema.

Mama hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Sidhani hata alikuwa amelifikiria neno hilo kabla halijamtoka. Na hapo ndipo yule mzee aliposema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Kwa ndege? Basi si ni mwendo wa saa moja tu? Ukifika kabla ya adhuhuri, utamwosha wewe."

Nililielewa jambo mapema, na nadhani mama pia alilielewa. Mama hakuwa akikimbilia kuzika. Wanawake wetu hawaendi makaburini, wanabaki nyumbani, kwa hiyo kaburi asingeliona hata angefika jana yake. Alichokikimbilia ni kile kitanda cha kuoshea. Mwosha maiti huuona mwili wote, mbele na nyuma, na mikono yake hupita kila mahali. Homa ina namna yake ya kuuacha mwili na mama aliijua kwa kuigusa. Alitaka kujua kilichomuua mtoto wake, na pahali pa kujulia palikuwa pale tu, tena mara moja tu, kabla ya sanda kufungwa.

Ami alimpigia jamaa yake wa ofisi ya safari mjini, akatupatia nafasi katika ndege ya saa nne. Nauli ilitoka kwenye droo ya Ami na kwenye mafundo ya leso za wanawake ambao mama aliwaoshea mama zao na mabinti zao. Walikuja bila kuitwa, wakaweka na kuondoka. Mama alichukua mkoba nyuma ya mlango. Alitoa kile kipande cha bafta, akakitazama, akakirudisha, akaenda kwa Ami kununua bafta mpya.

Tulipanda pikapu ya duka, iliyokuwa imejaa vumbi la unga. Dereva wa Ami alikuwa mtu wa makamo wa Makadara, Mkristo, muungwana. Alikata Jogoo Road, akapitia Industrial Area, nyuma ya viwanda ambako watu wa Mukuru walikuwa bado wamesimama kwenye mageti wakingoja kibarua cha siku. Kila kitu kilikwenda sawa hadi tulipotokea barabara ya uwanja wa ndege. Hapo tulikuta magari yamesimama na polisi katikati ya njia.

"Kuna mkubwa anatoka airport," dereva akasema. "Makarao wamefunga kote, mama. Hapa hatutoki mpaka apite."

Mama akamwuliza, "Ukiwaambia kuna maiti?"

Dereva alishuka, akaenda. Tulimwona akiongea huku amevua kofia. Askari hakumtazama hata usoni. Alirudi, akakaa, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. "Wamesema maiti hana haraka," akasema, na nikaona anaona haya kana kwamba ni yeye aliyesema.

Tulikaa pale. Jua lilipanda. Watu walitoka kwenye magari, wengine wakanunua miwa kwa mchuuzi aliyefurahia biashara. Mkubwa alipopita, alipita kwa kasi ya ajabu, magari meusi kwa wingi, na sikuona hata kichwa cha mtu. Nimeshapoteza mambo mengi maishani na mengi nimeyasahau, lakini yule mtu aliyekuwa na haraka kuliko mama yangu sijamsahau, ingawa hata leo sijui alikuwa nani.

Ndege ya saa nne ilikuwa imekwenda. Msichana wa kaunta alitubadilishia, akatuweka katika ya saa saba, akatupa pole ambayo naamini ilitoka moyoni. Mama akauliza kama kuna simu. Kulikuwa na kibanda, na foleni, na nilipokwisha kupata laini nikampa mama chombo.

"Mkwe," akasema, "barabara imefungwa, ndege imetuacha. Ningojee hadi alasiri. Alasiri tu."

Nilikuwa nimesogeza sikio. Yule mzee akasema, "Umeniambia asubuhi unakuja kwa ndege. Ndege ni mwendo wa saa moja. Saa hizi ungekuwa ushafika na kumaliza."

"Nimekwambia njia imefungwa."

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "wewe ndiye unayewafunza watu. Nyumba hii hii ulituambia maiti asicheleweshwe kwa ajili ya mtu. Wataka nikafanye kwa mwanao kinyume cha maneno yako?"

Mama aliweka simu chini mwenyewe, polepole, akatoka kibandani akaenda kukaa. Nilimchukia yule mzee wakati ule, na nikiwa na umri kama wake sasa bado namchukia. Huenda aliamini kila alichokisema. Hilo halinipunguzii kitu.

Tulipofika mahali pa ukaguzi, askari wa kike aliufungua mkoba. Alitoa chupa ya marashi akainusa, akapekua majani ya mkunazi, kisha akaingiza mkono na kuvuta kitambaa cheupe, mkunjo baada ya mkunjo, kikawa kinajaa juu ya meza.

"Hii yote ni ya nini, mama? Biashara?"

"Ni ya mtoto wangu," mama akasema. "Nakwenda kumvisha."

Yule mwanamke alielewa. Aliacha kitambaa, akajifuta mkono kwenye sketi bila kujijua, halafu akaanza kukikunja upya, na kukikunja vibaya, hadi mama akamwambia amwachie.

Ndani ya ndege mama alikaa dirishani, mkoba mapajani. Aliambiwa auweke chini, akakataa, wakamwacha. Tulipopaa hakushtuka wala kushika kitu. Alitazama chini mara moja, Nairobi ikageuka mabati na vumbi, kisha tambarare tupu, na hakutazama tena. Mimi niliogopa kwa niaba yetu sote wawili. Mhudumu alileta sharubati na karanga. Mama alimkatalia, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, huwezi kumwambia dereva aongeze kidogo?"

Abiria wa kiti cha mbele alicheka. Nilitaka kumzaba kofi. Mhudumu hakucheka. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa mama. "Mama, hatuchukui muda. Ni saa moja, hata haitimii."

"Saa hiyo nimeambiwa tangu asubuhi," mama akasema.

Na ilikuwa kweli. Haikutimia. Katika siku ile nzima, kitu pekee kilichokwenda kama tulivyoahidiwa ni ile saa moja hewani. Uwanja hadi uwanja, sawasawa. Tulipotoka nje joto likatupiga, adhuhuri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa na kusaliwa, na mama alikuwa akitembea mbele yangu kwa hatua za mtu ambaye bado anaamini.

Teksi tuliyopata ilikuwa ya mzee wa Kimombasa. Alipouona mkoba na kusikia nyumba tunayokwenda, hakuuliza zaidi. Aliendesha kwa kasi, akavuka daraja kuingia kisiwani, akakata vichochoro. Tulipokaribia tukakutana na wanaume wakija kwa miguu, wamevaa kanzu na kofia, wakizungumza kwa sauti za chini. Viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu. Katikati yao watu wanne walibeba jeneza wakilirudisha msikitini, na walilibeba kwa mkono mmoja mmoja, kwa wepesi, kwa sababu lilikuwa tupu.

Dereva alipunguza mwendo kwa heshima. Mama aliwatazama wale wanaume mpaka wakapita wote.

Uani mwa nyumba ya wakwe, sakafu ilikuwa bado mbichi. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mfereji, na kitanda cha kuoshea kimeegemezwa ukutani kikichuruzika. Wanawake walipomwona mama wakapaza kilio, wakamzunguka. Mama aliwapita. Akaenda hadi kwenye kile kitanda, akapitisha kiganja chake juu ya mbao, kuanzia upande wa kichwa hadi upande wa miguu, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Hapo nililia. Nililia kwa sauti na sikujali nani ananisikia.

Kisha mama akauliza, "Nani alimwosha?"

Aliyemwosha alikuwa bibi mmoja mwembamba wa mtaa wa pili, mkongwe wa kazi. Alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango wa jiko, mikono imelowa na kukunjamana. Mama alikaa chini mbele yake. Mimi nilikaa kando ya mama. Nadhani wanawake wote pale walijua kilichokuwa kikiulizwa.

Waosha maiti wana amana yao, na mtu asiyeijua hawezi kuielewa saa ile. Ukiona jema kwa maiti, uso wenye nuru, mwili uliolainika, harufu nzuri, unaruhusiwa kulisema, tena ni vizuri uliseme, wafiwa wapate faraja. Ukiona baya, unalifunika. Hulisemi kwa mumeo wala kwa kadhi, wala kwa mama aliyemzaa. Mama yangu aliishika amana hiyo maisha yake yote. Aliwaosha wanawake wa Majengo waliokufa vifo vya kila namna, na sikumsikia hata siku moja akitaja alichokiona. Nikimwuliza utotoni, alinipiga.

"Dada yangu," mama akamwambia yule bibi, "niambie la mwanangu."

Macho ya yule bibi yalijaa maji. Alimshika mama mikono yote miwili, akaibana.

"Uso wake ulikuwa mzuri," akasema. "Ulikuwa na nuru."

"Alhamdulillahi," mama akajibu. Akangoja. "Na mwili?"

Yule bibi hakujibu.

Mama hakurudia swali. Nilimwona akingoja, nikamwona akiacha kungoja. Nje kuku walikuwa wakipekua majani ya mkunazi yaliyomwagwa. Yule bibi aliendelea kumshika mikono, akitingisha kichwa kidogo kidogo, kwa uchungu, na kinywa chake kimefungwa kabisa. Kama angekuwa na jema moja la kusema juu ya mwili ule, angelisema. Mama aliliona hilo kwa uwazi kuliko kama angeambiwa.

"Umefanya vyema," mama akasema. "Mungu akulipe." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Hapakuwa na pa kwenda kushtaki. Kaburi limefukiwa, mwosha hasemi, na familia ile ilikuwa na jina. Mama angeweza kupiga kelele, na wangesema ni uchungu wa mzazi, wangempa maji ya baridi na kumlaza. Aliuliza pa kutilia udhu, akasali adhuhuri aliyokuwa hajaisali, kisha akarudi akaketi kwenye mkeka wa waombolezaji pamoja na wengine.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, mume wa dada aliingizwa upande wa wanawake amwamkie mama mkwe wake, kama ilivyo desturi. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu safi, macho mekundu. Huenda alikuwa amelia kweli. Wanawake walijifunika vizuri na kumpisha njia. Baba yake alisimama mlangoni nyuma yake. Yule mume alipiga magoti mbele ya mama, akainamisha kichwa na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

Nimezaliwa na kukulia kati ya Waswahili, na sijawahi kusikia shikamoo ikiachwa bila jibu. Hata wagomvi huitikia. Hata adui wa baba yako huitikia, maana mtoto wa watu hawezi kuachwa ameinama. Wanawake wote walikuwa wakingoja neno moja ambalo humtoka mtu mzima bila kulifikiria.

Mama alimtazama utosi. Mikono yake ilikuwa mapajani, na haikuondoka pale.

"Shikamoo, mama," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Wanawake waliinamisha macho. Yule bibi mwembamba, kule karibu na jiko, hakuyainamisha. Alimtazama mama, kisha akamtazama yule mwanamume. Mume wa dada aliendelea kupiga magoti, mkono mbele, shingo imeanza kutoka jasho, hadi baba yake alipoingia, akamshika bega, na kumwambia ainuke.